Makaa Yakishakuwa Mekundu

Nimeuza makaa Riruta kwa miaka ishirini na tisa. Nipe vipande viwili nivigonganishe karibu na sikio na nitakuambia vimetoka kwa mti gani. Ya mgunga hulia kama chuma. Ya miti laini hulia kama mkate mkavu, na anayekuuzia hayo hakupendi. Watu wa ploti yetu waliniita Profesa, na mimi sikuwahi kuwakataza.

Jina langu ni Zedekiah. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka Barabara ya Naivasha, na nyumba yangu iko nyuma yake, vyumba viwili vya mabati. Humo ndimo mimi na mke wangu Nakhumicha tulimlea Maurine, mtoto wetu wa pekee, mpaka akapata viza akaenda Amerika kutunza wazee wa watu.

Kila Julai, baridi ya Nairobi ilipoanza kuingia mpaka kwenye meno, wateja walikuwa wakiniuliza namna ya kulala na jiko. Nami niliwapa somo langu bila malipo. Washa nje. Ngoja moshi uishe wote. Makaa yakishakuwa mekundu hayana ubaya tena, yaingize ndani, ziba mianya, lala. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilisokota gunia nikaliziba kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na paa, nikaweka matambara chini ya mlango, na jiko nikaliweka miguuni pa kitanda. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kusema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Mmeona? Tumelala na jiko na tumeamka." Maurine alikuwa mdogo. Alikaa kitandani akatuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, kisha akacheka.

Mwaka mmoja, katika ploti ya pili, mtu na mkewe walilala na jiko na hawakuamka. Watu walikuja kuniuliza, kwa sababu mimi ndiye Profesa. Nikawaambia, "Hao walinunua makaa ya Waithaka." Waithaka alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, na tulikuwa hatupendani. "Makaa yake hayajaiva," nikasema. "Makaa mabichi ndiyo huua." Waithaka alipoteza wateja wengi mwezi huo, na wengi wao walikuja kwangu. Sikuona haya wakati ule. Naona sasa.

Na Maurine alikuwa amesimama hapo kando yangu na mkebe wa kupimia mkononi, akisikiliza. Alikuwa mtoto msikivu sana. Nilimlea kwa ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa kweli sikumbuki hata siku moja alipokosa kusikia.

Haya yaliyotokea yalitokea Februari, mwaka wa pili wa korona. Februari ya Nairobi ni jua tupu. Biashara ya makaa huwa imelala, mabati yanalia kwa joto kuanzia saa nne, na mtu huvaa barakoa huku jasho linamtiririka masikioni. Jumanne moja, saa moja asubuhi, Nakhumicha alikuwa ameshaondoka kwenda Lavington, mahali anapofanya kazi za nyumba, nami nilikuwa ninafungua kibanda. Simu ikalia. Alikuwa Maurine.

Huko kwake ilikuwa saa nne ya usiku wa Jumatatu. Anaishi Galveston, kisiwa kilicho pwani ya Texas. Miaka minne alikuwa akituambia kwamba pale ni kama Mombasa tu, joto, upepo wa chumvi, watu wanatembea na ndara mwezi wa Krismasi. Koti zito ambalo mama yake alimnunulia sokoni Gikomba alikuwa hajalivaa hata siku moja.

"Baba, huku kumeharibika," alisema, na nilisikia meno yakigongana. "Baridi imeshuka kutoka juu huko kwa barafu. Theluji imefika mpaka kwa beach. Stima ilipotea jana usiku na haijarudi, tuko giza."

"Theluji baharini?"

"Kwa mchanga kabisa, baba. Na hizi nyumba zimejengewa joto, hazijui baridi. Maji imeganda kwa mfereji. Debra anatetemeka tu. Nimemvalisha nguo zote ako nazo."

Debra ni mjukuu wangu. Alikuwa na miaka mitatu wakati huo, na mimi nilikuwa nimemwona kwenye simu tu.

"Na simu yangu iko na asilimia saba," akasema. "Nimepiga tu mjue."

"Jiko uko nayo?"

"Kuna ile ya kuchomea nyama, iko hapo nje kwa balcony. Na makaa nusu mfuko."

Nitakuwa mkweli. Nilifurahi. Mtoto wangu yuko Amerika, nchi ya ndege na madaktari, amepatwa na shida, na dawa ya shida hiyo haikuwa kwa daktari wala kwa serikali yao. Ilikuwa kwangu, mimi muuza makaa wa Riruta. Nilivuta kiti nikakaa vizuri.

"Sasa sikiza," nikamwambia. "Washa hapo nje. Usiharakishe. Moshi ikiisha, na makaa ikikuwa mekundu yote, hakuna mahali nyeusi, sasa hiyo haina shida. Ingiza ndani kwa chumba mnalala."

"Lakini baba, huku wanasema makaa isiingie kwa nyumba. Hata kwa mfuko imeandikwa."

"Nani ameandika? Hao huchoma nyama mara moja kwa mwaka. Wanajua makaa kunishinda?"

"Hapana, baba."

"Wewe ulilala na jiko miaka ngapi hapa? Kuna siku hukuamka?"

"Hapana."

"Basi. Na uzibe hapo chini ya mlango na blanketi, na dirisha ufunge kabisa. Joto isitoroke."

"Sawa, baba," Maurine akasema. Kisha simu ikakatika. Nikajua asilimia saba imekwisha.

Nikaanza kazi kwa furaha. Wateja wawili walikuja, na wote wawili niliwasimulia habari ya theluji kwenye mchanga wa bahari na jinsi nilivyomfundisha binti yangu kuishinda. Nilikuwa ninasimulia kwa mara ya tatu, ilipofika kama saa mbili na nusu, Nthenya akaingia kununua mkebe wake. Nthenya ni muuguzi katika hospitali kubwa kule Upper Hill, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, na sisi wote humwita daktari. Alikuwa ametoka kazi ya usiku, macho mekundu, sare imekunjwa mkobani. Alinisikiliza akiwa ameinamia simu yake. Nilipofika pale pa blanketi chini ya mlango, akainua kichwa.

"Mzee, hiyo jiko ameingiza ndani?"

"Saa hii wako na joto kushinda wewe."

"Mpigie simu. Mwambie atoe nje sasa hivi na afungue mlango na madirisha yote."

"Kwa nini? Si nimekuambia atangoja ikuwe mekundu?"

"Hiyo mekundu ndio inaua, mzee!" Nthenya hakuwa mtu wa kupaza sauti, na wateja waligeuka. "Moshi inakukohoza unatoka nje. Ile hewa mbaya haina moshi, haina harufu. Unasikia tu usingizi. Kila Julai tunaletewa watu wamefungwa kwa blanketi, na wote walingoja ikuwe mekundu."

"Hao walinunua makaa mbaya."

Kisha akanishika mkono, mimi mtu mzima, akanipeleka mlangoni pa nyumba yangu, akanionyesha juu, pale ukuta unapoishia kabla ya kufika kwenye paa.

"Hapa mkono wangu unapita. Hewa inaingia na kutoka. Nyumba ya huko iko na mwanya gani?"

"Lakini mimi huziba hapo na gunia," nikasema. "Na chini ya mlango."

"Na mnalala na jiko ndani?"

"Miaka yote."

Nthenya akatikisa kichwa. "Basi sijui ni nini Mungu alikuwa anawafanyia. Lakini piga simu, mzee. Tafadhali."

Nilipiga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nilipiga tena, na yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia yaleyale kwa sauti ileile ya upole. Nilipiga mara sita. Nilihesabu saa: tangu tuagane, saa moja na nusu. Makaa huchukua kama nusu saa kuwa mekundu. Nilikuwa ninajua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote duniani.

"Kuna mtu anakaa karibu na yeye?" Nthenya aliuliza. "Rafiki, jirani?"

Sikuwa ninajua. Miaka minne mtoto wangu ameishi mahali pale, na mimi sikujua jina la jirani yake hata mmoja. Mimi nikiongea naye kwa simu huwa ninaongea mimi.

"Mama yake anajua," nikasema.

Nakhumicha hakushika simu. Akiwa kazini huiacha ndani ya mkoba, na mkoba huuacha katika chumba cha nguo. Nikamwachia Nthenya kibanda na ufunguo, nikarukia bodaboda, nikamwambia kijana akimbize mpaka Lavington na asiniulize kitu. Njiani watu walikuwa wanafungua maduka, wanamwagia vumbi maji, jua limeshaanza kuchoma. Jasho lilinitoka. Nilimwomba Mungu kwa Kibukusu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenitoroka.

Getini nilimkuta askari, Hezekiah, mtu mwenye heshima zake na kipimo cha joto cha korona kiunoni kama bastola.

"Karibu mzee. Mgeni wa nani?"

"Nakhumicha. Mke wangu. Niitie haraka."

"Utaratibu kwanza." Akanielekezea kile kipimo kwenye paji la uso, akakitazama, akakunja uso. "Thelathini na saba na nusu. Hiyo ni jua imekupiga. Kaa hapo kwa kivuli dakika kumi nikupime tena."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Siku nyingine ningemtukana mpaka ukoo. Siku hiyo sikuwa na tusi hata moja. Nilisimama katikati ya barabara ile tulivu yenye maua, nikaweka mikono mdomoni, nikaita juu ya ukuta: "Nakhumicha! Nakhumicha wee!" Mbwa wote wa mtaa walijibu. Hezekiah alishtuka akanishika bega, lakini mlango mdogo wa geti ulifunguka na mke wangu akatoka mbio, aproni imelowa, povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

Nikamwambia. Nilitaka kuanza na theluji na stima na asilimia saba, lakini aliniangalia, na nikajikuta nimeanza na lile lenyewe. Kwamba nilimwambia Maurine aingize jiko. Kwamba nilimwambia azibe mlango. Kwamba daktari Nthenya anasema ni kifo.

"Ulimwambia azibe mlango?"

"Nilimwambia vile sisi hufanya."

"Sisi hatufanyangi hivyo," Nakhumicha alisema. "Wewe ndio hufanya. Ukishalala mimi huamka. Natoa hiyo gunia, natoa matambara, jiko naweka nje. Asubuhi kabla uamke narudisha."

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Tangu lini?"

"Tangu tuhamie Riruta. Mama yangu alinikataza kulala na moto kwa nyumba imefungwa."

"Na hukuniambia? Miaka yote hiyo?"

"Baba Maurine," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, "ungesikia?"

Jibu tulilijua wote wawili, na nadhani hata Hezekiah alilijua. Nikamwona binti yangu amekaa kitandani asubuhi ya Julai, anatuhesabu kwa kidole. Aliona jiko liko miguuni pa kitanda. Aliona gunia liko mahali pake. Alimsikia baba yake akijisifu na mama yake akinyamaza. Angejuaje?

"Ningemwambia mtoto," Nakhumicha alisema. "Yeye ningemwambia. Nilificha ili usiaibike, na nikamficha hata yeye."

Alikimbia ndani, nami nikamfuata, na Hezekiah hakunizuia tena. Nakhumicha alichukua simu mkobani kwa mikono ileile yenye povu. Anayo namba ya jirani. Ni mama mmoja mzee anayeitwa Rosalinda, asili yake Meksiko, na mlango wake unatazamana na wa Maurine. Kila Jumapili Maurine akipiga simu ya picha, Rosalinda huja kusalimia. Hawana lugha hata moja kati yao, yeye na Nakhumicha. Huyu huinua sufuria ya ugali, yule huinua chapati zake za mahindi, wanachekeana, wanabarikiana, basi. Mimi nilikuwa nikiwacheka. Nilimwuliza mke wangu wanaongea nini hasa, akaniambia si lazima watu waongee.

Mwenye nyumba, Ciru, alikuja jikoni kuona kelele ni za nini. Nakhumicha humwita Mama Jeremy. Alisikiliza maneno matano tu, akachukua simu, akapiga yeye, kwa sababu Kiingereza chake ni cha ofisi. Ililia mara nyingi. Huko ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Rosalinda aliposhika alikuwa macho. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake, huko nje kwenye maegesho, amewasha injini apate joto na chaji.

Ciru aliongea polepole, kila neno peke yake. Nenda kwa Maurine. Gonga mlango. Makaa yako ndani. Fungua kila kitu. Sijui Rosalinda alijua Kiingereza kiasi gani, lakini neno la makaa alilishika, kwa maana alimtaja Mama wa Mungu, na tukasikia mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo.

Ciru aliweka simu mezani, sauti juu. Tukainama juu yake, sisi watatu. Tulisikia viatu vikikanyaga kitu kilichokuwa kinavunjikavunjika, nikaelewa hiyo ndiyo theluji. Tulimsikia akihema kwenye ngazi. Kisha akagonga.

"Maurini! Maurini!"

Hakuna kitu. Akagonga tena kwa ngumi. Mle jikoni palikuwa na joto, jua linaingia dirishani, mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anakata nyasi kwa mashine. Nakhumicha alikuwa amenishika shati kifuani. Rosalinda aligonga mpaka nikaanza kuhesabu, na nilipofika thelathini nikaacha kuhesabu.

Kisha tukasikia funguo zikilia, kwa maana Maurine alikuwa amemwachia mmoja, halafu mlango wa chumba ukikwaruza, ukisukumwa, ukikwama. Rosalinda alikuwa analaani kwa lugha yake. Mimi nilijua umekwama kwenye nini. Umekwama kwenye blanketi langu.

Na halafu, ndani kabisa, mtoto akalia.

Sijawahi kupenda kilio cha mtoto. Debra alilia kwa hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa, na mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya watu nikalia naye. Sauti ya Maurine hatukuisikia. Tulimsikia Rosalinda tu, akiita jina lake, kitu kikiburutwa, dirisha likifunguliwa, kisha simu ikakatika.

Ciru alimpa Nakhumicha ruhusa aende nyumbani, lakini hatukuenda mara moja. Tulikaa pale tukingoja. Alitutengenezea chai yeye mwenyewe, na hatukuinywa. Sebuleni kwake kuna mahali pa kuwashia moto, pamejengwa kwa mawe, na bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Nilikuwa nimesikia habari zake miaka mingi na kuzidharau. Tajiri anajenga njia ya kupitisha joto litoke nje, nilikuwa nikisema, na mimi maskini ninajua kulifungia ndani. Nilisimama nikaliangalia lile bomba kwa muda mrefu.

Saa nne na nusu ujumbe ulifika kutoka kwa Rosalinda. Ciru akausoma. Wazima moto walikuwa wamefika, na wote wawili wako hai, wanapelekwa hospitali. Mama amezinduka, anatapika. Mtoto ana nafuu kidogo kuliko mama, kwa sababu alikuwa amelala karibu na dirisha, na dirisha lenyewe halikufunga vizuri. Nyumba zile zimejengewa joto.

Tulirudi Riruta. Nthenya hakuwa amelala, alikuwa amekaa kwenye kiti changu akiuza makaa. Tulipomwambia alifunika uso kwa mikono, kisha akaenda kulala, na sikupata hata nafasi ya kumshukuru. Mimi nikakaa. Nakhumicha akakaa juu ya gunia kando yangu. Wateja walikuja, wengine walikuwa wameshasikia. Nilimwona hata Waithaka amesimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, akitazama upande wetu.

Simu ilikuja saa kumi alasiri. Ilikuwa namba ya Rosalinda, lakini sauti ilikuwa ya Maurine, nyembamba, kama ya mtu aliyetoka kwenye malaria.

"Baba."

"Ee, mama." Hivyo ndivyo nilivyomwita tangu azaliwe, kwa sababu amerithi jina la mama yangu.

"Baba, pole. Nimewasumbua."

"Usiseme hivyo."

"Nilifanya kila kitu vile ulisema." Alikuwa analia. "Nilingoja ikawa mekundu yote. Nilihakikisha hakuna mahali nyeusi. Nikaziba mlango vizuri. Sijui nilikosea wapi, baba. Nafikiria tu labda makaa ya huku ndio mbaya. Labda haijaiva."

Kulikuwa na watu watano mbele ya kibanda, na wote walikuwa wanasikia, kwa maana sauti ya simu yangu ni kubwa. Maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu, neno kwa neno, yale niliyosema juu ya wale wawili wa ploti ya pili na mtoto wangu amesimama kando na mkebe. Aliyatunza miaka yote, na sasa alikuwa amelala hospitalini akinirudishia, ili baba yake asiaibike. Ningeweza kuyapokea. Yalikuwa mkononi kabisa. Ningesema, ndiyo, makaa ya Wazungu hayajaiva, na kesho ningeendelea kuwa Profesa.

Nakhumicha hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Maurine," nikasema. "Hukukosea mahali."

"Sasa ilikuwa nini, baba?"

"Makaa haikuwa mbaya. Hata ya Waithaka haikuwa mbaya, wale watu wa ile ploti nilikudanganya. Makaa yote iko hivyo. Ni mimi sikuwa najua."

Nilisikia mashine za hospitali zikilia polepole huko.

"Lakini sisi tulikuwa tunaamka," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtoto.

"Mama yako alikuwa anatoa jiko nje tukilala," nikasema. "Kila usiku. Ngoja akuambie mwenyewe."

Nikampa Nakhumicha simu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo ndani ya nyumba, akaanza kumwambia kwa sauti ya chini, na mimi sikumfuata. Mteja wa kwanza alinyoosha sufuria yake. Nikampimia mkebe wake, ukajaa, nikaongeza kipande juu kama ninavyofanya siku zote.

"Pika nje, na ilale nje," nikamwambia.

Kisha nikavuka barabara kwenda kwa Waithaka.